Mashine imewaka, mtoto haongei: utafute wapi kwanza

Binti yangu ni kiziwi, na husikia kwa mashine ya kupandikizwa sikioni (cochlear implant). Alikuwa na miezi 11 tangu mashine yake iwashwe alipolipoteza neno "basi". Lilikuwa neno lake la mezani. Akishiba uji husukuma kikombe na kusema "basi!" kama mtu mzima aliyemaliza maneno. Ghafla likawa "bai". Ndizi ikawa "ndii", samaki akawa "amaki". Bibi yake akasema mtoto anadeka. Jirani akasema watoto wa namna hii ndivyo walivyo, leo wanapanda, kesho wanashuka. Mimi nikaamua kwamba ni uvivu, na kila jioni nikitoka kazini nikawa namketisha mbele yangu arudie "sss, sss" mpaka analia. Nilifanya hivyo wiki 5.

Siku ya kliniki, mtaalamu wa usikivu hakuanza na mtoto. Alichukua prosesa, ile sehemu ya mashine inayokaa nyuma ya sikio, akachomoa kifuniko kidogo cha maikrofoni, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha ili nami nione. Kilikuwa kimeziba kwa mafuta ya nazi na vumbi, mafuta yale yale tunayompaka nywele kila asubuhi. Akaweka kipya. Siku ya tatu yake, kikombe kilisukumwa na "basi" likarudi na s yake.

Zile wiki 5 bado zinaniuma, na ndizo zilizonifundisha mpangilio ninaoufuata hadi leo: mtoto awe wa mwisho kushukiwa. Kwanza kagua kifaa. Halafu hesabu saa anazokivaa. Halafu uliza juu ya ramani, yaani mpangilio wa sauti aliowekewa kliniki. Halafu jikague wewe mwenyewe na nyumba yako. Ukiwa umewamaliza hao wote, ndipo uulize kama kuna jambo ndani ya mtoto.

Kabla ya kuingia kwenye dalili, elewa kwanza unachokikagua. Kifaa hiki kina nusu mbili. Nusu ya nje ni prosesa inayokaa nyuma ya sikio (maikrofoni na betri zimo humo), pamoja na waya mwembamba unaokwenda kwenye koili, kile kidude cha duara chenye sumaku kinachoshika kichwani. Nusu ya ndani iliwekwa na daktari wa upasuaji chini ya ngozi, na uzi wake wenye elektrodi (vituo vidogo vya kupitisha umeme) umeingizwa ndani ya koklea, kile kiungo cha kusikia kilicho ndani kabisa ya sikio. Elektrodi hizo huwa 12, 16 au 22 kulingana na kampuni iliyokitengeneza. Nusu ya ndani haina betri. Umeme na ujumbe wote huupata kutoka kwenye koili, kupitia ngozi. Kwa hiyo koili ikianguka, mtoto hapungukiwi na usikivu, anakuwa kiziwi sekunde hiyo hiyo. Ndugu wengi hawalijui hili. Wanaona "mashine si iko sikioni?" kumbe koili inaning'inia mgongoni kwa nusu saa na mtoto anaitwa mkaidi.

Jana aligeuka, leo hageuki

Hapa usifikirie mbali. Anza na betri. Kama mnatumia betri za kutupa, zile za duara zinazohitaji hewa, ukishabandua kile kikaratasi cha rangi ziache wazi dakika chache kabla ya kuzifungia ndani, zivute hewa. Na uwe mwangalifu dukani: betri namba 675 zinazouzwa kwa vifaa vya kawaida vya kusaidia kusikia si lazima zifae hapa. Zipo 675 maalumu kwa vifaa vya kupandikizwa, zenye nguvu zaidi. Ukiweka zile za kawaida, mashine inaweza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, na mtoto anasikia vipande vya maneno. Sisi zilituhangaisha mwezi mzima. Kama mnatumia betri za kuchaji, kuwe na jozi moja iliyojaa wakati wote, maana umeme ukikatika usiku, asubuhi mtoto ataamkia ukimya.

Betri ikiwa nzima, nenda kwenye waya. Hii ndiyo sehemu inayokufa mara nyingi kuliko zote, hasa pale unapopinda kuingia kwenye koili. Kwa macho unaonekana mzima kabisa. Badilisha waya wa akiba, kisha mwite. Hajageuka? Rudisha ule wa kwanza, badilisha koili. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja, mashine itapona lakini hutajua ni kipi kilikuwa kibovu, na kile kibovu utakihifadhi kwenye kabati kama akiba. Taa za prosesa nazo zinasema: nyingi hupepesa kwa namna fulani koili isipoipata nusu ya ndani. Rangi na mtindo hutofautiana, kwa hiyo kile kitabu kilichokuja na boksi kisome, upige na picha ukurasa wa taa uwe nao kwenye simu.

Kisha unyevu. Tunaishi Tanga, na Februari hapa mtoto akikimbia dakika 5 jasho linachuruzika mpaka kwenye prosesa. Kila usiku iweke kwenye chombo chake cha kukaushia chenye chembe za kunyonya unyevu, betri ukiwa umezitoa, na ubadilishe zile chembe zikishageuka rangi au muda wake ukiisha. Usianike juani, wala usikaushe na moto au mashine ya nywele. Ukikosa chombo hicho, kopo safi linalofunga vizuri na pakiti kadhaa za silika zinazokuja na viatu vipya ni bora kuliko kuiacha juu ya meza usiku kucha.

Mwisho kagua vifuniko vya maikrofoni. Hadithi yangu umeisoma. Mpake mtoto mafuta na poda kwanza, yakauke, unawe mikono, ndipo umvike mashine.

Kipimo cha sauti sita

Huu ndio mtihani ninaokuomba uufanye kila asubuhi, hata ukiwa na haraka. Uliletwa na Daniel Ling, mwalimu wa watoto viziwi, na unatumiwa dunia nzima. Ni sauti 6: m, u, a, i, sh, s. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna bahati, kwa sababu zote ni zetu, hakuna ya kujifunza upya. Zimechaguliwa kwa kuwa zinapita kwenye sauti za usemi kutoka nzito hadi nyembamba: m iko chini kabisa, s iko juu kabisa.

Keti kando ya mtoto au nyuma yake, asiuone mdomo wako. Usijizibe mdomo kwa kiganja, kwa sababu kiganja chenyewe kinaizuia sauti. Mpe vizibo vya soda na kopo tupu: akisikia sauti, atumbukize kizibo. Mtoto ambaye hajafikia mchezo huo, mwangalie macho tu, au angalia kama amesita kunyonya kidole. Usitoe sauti kwa mapigo yanayofuatana, mtoto atashika mdundo badala ya kusikia. Kaa kimya sekunde 3, mara nyingine 10. Anza umbali wa mita 1, kisha rudi nyuma hadi mita 2 au 3.

Ukisoma majibu, hivi ndivyo yanavyozungumza. Zote sita hakuna: mashine haifanyi kazi, rudi kwenye betri, waya na koili. Anapata m, u, a lakini s na sh zimepotea: shuku maikrofoni iliyoziba, kisha ramani. Jana alipata zote kwa mita 3 na leo ni kwa mita 1 tu: kifaa kinadhoofika, au mtoto ana mafua na sikio linauma. Anakosa m peke yake: upande wa sauti nzito unahitaji kuangaliwa kliniki. Andika tarehe.

Anaivua kila ukigeuka

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayevua mashine mara 40 kwa siku anachosha, najua. Lakini anavua kwa sababu, na sababu unaipata kwa kuangalia ni wakati gani anavua.

Anavua asubuhi tu, dakika chache baada ya kuvikwa? Tazama ngozi chini ya koili. Ikiwa nyekundu, imebonyea au ina kidonda, sumaku ina nguvu kupita kiasi. Acha kumvika, nenda kliniki wakabadilishe, usilazimishe hata siku moja, kwa sababu kidonda mahali hapo ni jambo zito. Koili inayoanguka ovyo ni kinyume chake: sumaku ni dhaifu, au nywele zimekuwa nene. Kwa mtoto wa kike, mwambie msusi aache kiduara kidogo pale sumaku inapokaa, misuko isipite juu yake.

Anavua kukiwa na kelele, blenda inasaga, watoto wanapiga kelele, pikipiki inapita? Pengine ramani iko juu mno. Dalili inayoshtua zaidi ni jicho kupepesa au shavu kucheza kila sauti kubwa inapotokea. Hiyo ina maana umeme wa elektrodi fulani unaugusa mshipa wa fahamu wa uso. Hilo hurekebishwa kwenye kompyuta ya kliniki, na si la kusubiri miadi ya mwezi ujao. Piga simu.

Anavua mara kwa mara bila mpangilio, na akivua anakuletea? Angalia betri kabla ya kumkemea. Watoto wengi hujifunza kuvua mashine pale inapozima, kwa sababu kitu kisichotoa sauti ni mzigo tu sikioni. Anakuletea kukuambia imekufa. Mpongeze.

Na akivua huku anakutazama usoni akisubiri ufanye nini, hapo amegundua mchezo. Irudishe bila kucheka, bila kugomba, mara 40 ikibidi, kisha mpe jambo zuri la kusikiliza dakika hiyo hiyo. Kofia nyepesi ya kufunga kidevuni au utepe wa kichwani husaidia, mradi kitambaa kizito kisifunike maikrofoni. Mama wanaowavika binti zao ushungi wachague kitambaa chepesi upande huo. Klipu yenye kamba ya kufunga kwenye kola ya shati inaokoa pesa nyingi, maana prosesa iliyoanguka shimoni hairudi.

Wakati wa kuvika na kuvua, fungua jicho kuhusu betri. Mtoto akimeza betri, usimtapishe, usisubiri itoke. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Huu mwezi wa nane tangu iwashwe, hajasema hata "mama"

Hili ndilo swali linaloletwa na wazazi wengi, na nalijua uzito wake, kwa sababu nyuma yake kuna upasuaji, madeni, safari na ahadi mlizojipa usiku. Tanzania ilianza upasuaji huu hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2017, kabla ya hapo watoto walipelekwa nje, hasa India. Ndugu waliochanga wanataka kusikia mtoto akiongea. Wanampigia simu ya video kila Jumapili wakisema "mwambie aseme shangazi".

Kwanza, hesabu umri sawasawa. Mtoto wa miaka 2 na nusu aliyewashiwa mashine miezi 8 iliyopita ana umri wa kusikia wa miezi 8. Mtoto anayesikia tangu kuzaliwa, akiwa na miezi 8, humdai "shangazi"? Anabwabwaja tu "bababa, dadada". Wengi waliopandikizwa mapema hutoa maneno ya kwanza kati ya miezi 6 na 12 tangu kuwashwa, na wengine huchukua zaidi. Unachokitafuta mwezi wa nane ni ngazi za chini yake: anagutuka sauti ikitokea, anageukia jina lake, anabwabwaja zaidi mashine ikiwa sikioni kuliko ikiwa imevuliwa, anajua "njoo", "bai bai", "hapana" bila kuona mkono wako. Hivyo vikiwapo, mambo yanakwenda ingawa mdomo bado umefungwa. Visipokuwapo kabisa, endelea kusoma na upige simu kliniki.

Pili, hesabu saa. Mtoto wa umri huu huwa macho kama saa 12 kwa siku. Akivaa saa 4 tu, mwaka mzima wa kuvaa umempa miezi 4 ya kusikia. Prosesa nyingi za sasa hurekodi saa hizi zenyewe, na mtaalamu ataziona kwenye kompyuta, kwa hiyo usimdanganye. Kwetu tulidhani ni saa 10, ikaonyesha 6. Saa 4 zilikuwa zimepotea njiani: usingizi wa mchana ambao baada yake hakuvikwa tena, safari ya sokoni tulipoogopa itaanguka, na jioni kwa bibi ambaye alikuwa anaiogopa mashine yenyewe. Tulimfundisha bibi kuivika. Hilo pekee lilimwongezea mtoto saa 3 kila siku.

Tatu, ramani. Siku ya kuwashwa sauti huwekwa chini makusudi, kisha hupandishwa kidogo kidogo katika miezi inayofuata. Kila elektrodi ina kiwango cha chini ambacho mtoto anaanza kuhisi na cha juu anachokistahimili bila kero. Aliyekosa miadi miwili kwa sababu ya nauli, au kwa sababu "si anaonekana yuko sawa", anaweza kuwa anatembea na ramani ya mtoto aliyewashwa jana. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 350, na siku ya kazi inapotea. Nenda.

Nne, sisi. Hapa ndipo nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nyumba nyingi zinapokwama baada ya mashine kuwa sawa. Kabla ya upasuaji, kila mtu nyumbani alishazoea kuishi na mtoto asiyesikia. Tunamshika mkono, tunamwonyesha kidole, tunamletea maji kabla hajadai. Mashine inawaka, lakini tabia zetu hazibadiliki. Kaka yake anamtafsiria kila ishara, na dada wa kazi anajua kilio cha njaa na kilio cha usingizi. Mtoto hana haja ya neno hata moja.

Kilichotufaa ni kutanguliza sauti, kitu kikafuata. Kabla ya kumwonyesha viatu, sema "viatu, tuvae viatu", usubiri, ndipo uvitoe. Mlango ukigongwa, usikimbilie kufungua. Shika sikio lako, sema "sikiliza! hodi, hodi! nani huyo?", muende wote mkafungue. Jogoo akiwika, msimame. Maji yakifunguliwa bombani, mtoto aambiwe ni maji kabla hajayaona. Muuza karanga anapopita akichezesha sarafu zake, huo ni mwalimu wa bure. Jikoni simulia unachofanya kwa sentensi fupi za kawaida: "Namenya kitunguu. Nakata. Aa, kinaniumiza macho!" Sauti ya kweli yenye kupanda na kushuka, usipige kelele. Kelele huharibu umbo la neno, na mashine haihitaji upige kelele.

Halafu nyamaza. Ukimuuliza jambo, hesabu kimoyomoyo hadi 10 ukimtazama kwa matumaini. Inachosha, lakini mtoto anahitaji muda huo kulipokea neno, kulitambua na kutafuta lake. Sisi wengi tunauliza, tunajibu wenyewe na kuuliza tena ndani ya sekunde 3.

Televisheni izimwe. Katuni haimjibu mtoto, haimsubiri, na kelele yake inafunika sauti ya mama anayezungumza naye kutoka jikoni.

Anasema vokali tu: "aji", "oto", "ee"

"Aji" kwa maji na "oto" kwa mtoto si kosa la kumtisha mtu mwezi wa kumi tangu mashine iwashwe. Karibu kila silabi ya Kiswahili inaishia kwenye vokali iliyo wazi na yenye nguvu, kwa hiyo hizo ndizo zinazoshikwa kwanza. Konsonanti zinafuata. Hofu ianze pale zilizokuwapo zinapotoweka, kama s ya binti yangu, au pale mwaka mzima unapita bila s, sh, f wala ch hata moja kuonekana. Hapo rudi kwenye kipimo cha sauti sita kabla ya kumkalisha arudie.

Kuna jaribio dogo ninalolipenda. Mama na baba vinafanana kabisa midomoni. Mtoto anayesoma midomo hawezi kuvitofautisha, anayesikia anaweza. Wazazi wote wawili mkae mbele yake, mtu mwingine aketi nyuma yake aseme "yuko wapi baba?" Akikosea mara 5 kati ya 10 anabahatisha, na ni vizuri kujua hilo mapema.

Baadaye, akianza kuunganisha maneno, utaona anaangusha viambishi: "lala" badala ya "amelala" au "hajalala". Watoto wanaosikia nao hupitia hapo. Ila kwa wetu ni kazi zaidi, kwa sababu katika Kiswahili mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, huku ujumbe mkubwa, nani, lini, ndiyo au siyo, umebebwa na silabi ndogo za mwanzo. Usimsahihishe kwa "sema vizuri". Mrudishie sentensi yake ikiwa kamili: "Ee, mtoto amelala. Baba hajalala."

Nyumbani anaelewa, kanisani na shuleni haelewi

Umbali ukiongezeka mara mbili, sauti yako inapungua kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kelele ya chumba haipungui. Ongeza paa la bati na mvua, sakafu ya saruji, kuta tupu, watoto 40. Hata ramani nzuri inashindwa hapo. Mwalimu amketishe mtoto mbele, mbali na dirisha la barabarani, upande wa sikio lenye mashine ukiwa kwake. Amwite jina kwanza, kisha aseme. Harusini usimdai lolote, mpe kiti karibu na mtu mmoja anayemjua.

Anasikia akiitwa lakini anatazama upande usio sahihi? Mwenye mashine sikio moja hupata shida kubwa kujua sauti inatoka wapi. Hakuna cha kurekebisha kwenye mashine hiyo. Mpungie mkono.

Tumsemeshe lugha gani, na vipi kuhusu alama?

Msemeshe lugha unayoijua hadi kwenye utani na hasira. Nimeona wazazi wanaomsemesha mtoto Kiingereza cha kubangaiza kwa sababu ya shule wanayoitarajia, na mtoto anapata maneno 30 ya amri tu: "come", "sit", "no". Kwetu bibi anazungumza Kisambaa, sisi Kiswahili, na mtoto anavitenganisha kwa watu. Kila lugha inadai saa zake tu.

Kuhusu lugha ya alama, utasikia maoni makali. Wapo wataalamu wanaoshauri isitumike kabisa ili mtoto ategemee sikio. Mimi sikubaliani nao. Mashine inavuliwa wakati wa kuoga na kulala, na siku waya unapokatika wikendi mtoto wangu bado ni mtoto mwenye maneno. Alama tunazotumia tumefundishwa na mtu mzima kiziwi anayetumia Lugha ya Alama ya Tanzania, na neno "maji" lilikuja mkononi kwanza, mdomoni likafuata miezi 2 baadaye. Sharti langu ni moja: alama ziongeze mazungumzo, zisiwe sababu ya kuiacha mashine kabatini.

Alikuwa anaendelea, sasa anarudi nyuma

Umebadilisha betri, waya, koili, vifuniko, umejaribu prosesa ya akiba ya kliniki, ramani imepangwa upya, na bado anazidi kupoteza sauti. Sasa inawezekana nusu ya ndani ina hitilafu. Hutokea kwa wachache, kliniki ina vipimo vya kuihoji nusu hiyo kwa kompyuta, na ikithibitika hubadilishwa kwa upasuaji. Anguko la kichwa upande huo nalo liripotiwe hata kama mtoto amenyanyuka na kucheza.

Vipo vingine ambavyo mashine peke yake haiwezi kuvitatua: koklea iliyoota mfupa baada ya homa ya uti wa mgongo, mshipa wa kusikia uliozaliwa mwembamba, au mtoto mwenye usonji pamoja na uziwi. Hapa ndipo zamu ya kumchunguza mtoto inapofika, na ifike kwa upole, kwa daktari, bila lawama.

Mambo mawili hayasubiri. Uvimbe, joto au usaha nyuma ya sikio. Na homa kali pamoja na shingo kukakamaa, kutapika au kuchukia mwanga: watoto waliopandikizwa wana hatari kubwa zaidi ya homa ya uti wa mgongo, kwa hiyo kimbilia hospitali na useme mlangoni kwamba ana kifaa ndani ya kichwa. Kadi ya chanjo iwe imekamilika, hasa ya nimonia, ambayo Tanzania iliingia kwenye ratiba ya kawaida mwaka 2013, na uulize kama anahitaji dozi ya ziada. Kila daktari anayetaka kumpima kwa MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kubwa, aambiwe kuhusu sumaku ya nusu ya ndani kabla mtoto hajaingia chumba hicho.

Daftari

Nunua daftari la kurasa 48, liwe na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Mtaalamu ana nusu saa na wewe, na mtoto aliyelala kwenye basi usiku kucha hataonyesha anachokijua. Daftari ndilo litakalosema. Mistari ya kwetu iko hivi:

Jumatatu. Sauti sita mita 2: zote. Amevaa saa 10. Amesema "gari imeenda".

Jumanne. Sauti sita: m, u, a, i, sh. S hapana. Nimebadilisha kifuniko cha maikrofoni. S ndiyo.

Jumatano. Amevua mara 3, zote blenda ikiwa imewashwa. Jicho la kulia limepepesa. Nimepiga simu kliniki, tunakwenda Ijumaa.